Tulivyoharibikiwa Njiani: Nyakanazi, Rusumo na Daftari la Muadhini

Katika kila nyumba ya Waislamu hakukosekani msafiri. Ikiwa si baba aliyekwenda kutafuta riziki, ni kijana aliyekwenda masomoni. Na ikiwa si kijana, ni mama aliyekwenda kumuuguza nduguye. Bwana Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba safari ni kipande cha adhabu, kwa kuwa humkosesha mtu usingizi na chakula chake, na akatuusia kwamba msafiri akishaikidhi haja yake afanye haraka kurejea kwa watu wake. Mafundisho hayo tumeyasikia tangu tukiwa watoto chuoni. Lakini aliyesikia si sawa na aliyeonja.

Makala hii inahusu safari tuliyoifanya kutoka Tabora hadi Kigali, Rwanda, kwa barabara ipitayo wilaya za Biharamulo na Ngara katika mkoa wa Kagera. Mama yetu mdogo, anayeishi Nyamirambo tangu ujana wake, alikuwa mgonjwa, na ilitulazimu kwenda kumzuru. Tunasema "tulisafiri" kwa ada ya uandishi. Ukweli ni kwamba tulikuwa mtu mmoja, begi moja na kanzu mbili. Kusafiri peke yetu ndilo lililokuwa kosa letu la kwanza, na mengine yakazaliwa humo. Tumeona tuyaandike bila kujipamba, huenda yakamfaa msomaji ambaye kesho naye atafunga begi lake.

Kijana wa Nyakanazi

Anayetoka Kahama kuelekea magharibi hana budi kupita Nyakanazi, katika wilaya ya Biharamulo. Ni njia panda yenye shughuli mchana na usiku. Barabara moja huenda Kibondo, Kasulu hadi Kigoma. Nyingine huenda Lusahunga, na huko hugawanyika tena, mkono mmoja ukaelekea Biharamulo mjini na Bukoba, mwingine Ngara na mipaka ya Rwanda na Burundi. Malori yaliyopakia shehena katika bandari ya Dar es Salaam hupumzika hapo, madereva wakala, wakaoga, wakalala chini ya magari yao. Pembeni wamejipanga akina mama lishe, wachoma mahindi na vijana wanaopeperusha maji ya chupa mbele ya madirisha ya mabasi.

Basi letu lilisimama, utingo akatangaza dakika kumi na tano. Tuliketi kwenye benchi la mama lishe mmoja, tukaagiza wali kwa maharage. Kabla hatujamaliza akatujia kijana wa umri wa miaka ishirini hivi, akatusalimu kwa salamu ya Kiislamu. Alieleza kwamba alikuwa akienda Kibondo kwa mama yake. Kwamba alishuka kujisaidia, na basi likaondoka na begi lake lenye fedha zote. Aliomba nauli, au sehemu ya nauli.

Ndugu msomaji, nani kati yetu hajaisikia hadithi hiyo? Husimuliwa katika kila stendi ya nchi hii, kwa maneno yaleyale na kwa uso uleule wa huzuni. Tuliamua papo hapo kuwa kijana yule ni tapeli. Nauli hatukumpa; tulimpa mawaidha. Tulimwambia kwamba mkono wa juu ni bora kuliko mkono wa chini, na kwamba mtu mwenye nguvu zake anapaswa kula jasho lake. Alitusikiliza mpaka mwisho akiwa ameinamisha kichwa, kisha akasema, "Ahsante, shehe," akaondoka. Mama lishe alitutazama mara moja, akaendelea kuosha sahani zake.

Tulipanda basi tukiwa na nafsi iliyoridhika. Tulidhani tumefanya kazi ya dini.

Msituni

Baada ya Lusahunga barabara hupita kandokando ya mapori makubwa. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 4,707. Abiria tuliyekaa naye, mzee wa Nyakahura, alitusimulia jinsi miaka ya nyuma mabasi yalivyokuwa hayathubutu kupita njia hizi bila askari polisi wenye silaha ndani, kwa sababu ya majambazi. Gari likiharibika watu walianza kusoma shahada. "Leo mnasinzia," alisema, "sisi tulikuwa tukihesabu miti."

Nasi tuliposhusha kioo ili kupata hewa, waliingia mbung'o badala ya majambazi. Mmoja alituuma shingoni kwa namna ambayo mzee yule alicheka mpaka akatoa machozi, kisha akatupa shuka lake tujifunike. Huo ulikuwa msaada wa kwanza wa safari ile, na hatukuuhesabu.

Kuanzia hapo nchi huinuka. Vilima vya Ngara vimevaa migomba mpaka kileleni, na nyumba hukaa ndani ya migomba hiyo kama vifaranga chini ya mbawa za kuku. Wenyeji wake ni Wahangaza na Washubi, na Kihangaza kinakaribiana sana na Kirundi na Kinyarwanda, kiasi kwamba jirani wa ng'ambo ya mto huelewana naye bila mkalimani. Tulifika Benako, mji mdogo uliochukua jina la kampuni ya Kitaliano iliyopata kujenga barabara huko, tukapanda teksi ya kuchangia hadi mpakani Rusumo.

Darajani Rusumo

Rusumo ni mahali pa kumfanya mtu anyamaze. Mto Kagera hukutana na mto Ruvubu, kisha maji yote hujibana katika korongo la mawe na kuporomoka kwa kishindo chini ya daraja. Siku hizi maporomoko hayo yanazalisha umeme wa megawati 80, unaogawanywa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen aliingia Rwanda kwa kuvuka hapo. Miaka mia moja baadaye, tarehe 28 Aprili 1994, daraja lililokuwapo hapo wakati huo lilibeba umma wa watu waliokuwa wakija upande wetu: watu wanaokadiriwa kuwa 250,000 walivuka kuingia Ngara kwa muda wa takriban siku moja, wakati mauaji ya kimbari yalipokuwa yakiendelea nchini mwao. Benako, ambako teksi yetu iliondokea, pakawa kambi ambayo dunia nzima ililisikia jina lake.

Tulivuka tukiyawaza hayo, na huenda ndiyo sababu tulisahau jambo dogo linaloua watu. Tanzania magari hupita kushoto. Rwanda hupita kulia. Baada ya kumaliza taratibu za uhamiaji tulitaka kuvuka barabara kuliendea basi. Tulitazama kulia kama tulivyozoea tangu utotoni, tukaona njia ni nyeupe, tukatia mguu. Lori lilikuwa likitoka kushoto.

Hatukuliona wala kulisikia, kwa kishindo cha maji. Tulihisi tu tukivutwa kwa nyuma na kuangukia kikapu cha ndizi. Mama mmoja mchuuzi alikuwa ameishika kanzu yetu kwa mikono yote miwili, nayo ikapasuka kuanzia kola hadi katikati ya mgongo. Alisema maneno mengi kwa Kinyarwanda ambayo hayakuhitaji tafsiri. Tulipotaka kumlipa ndizi zake zilizopondeka, alipokea thamani ya ndizi, akakataa zaidi, akatuelekeza kwa kidole: kushoto kwanza, kisha kulia.

Tuliingia Kigali tukiwa tumevaa kanzu ya pili. Mjini humo pikipiki za abiria huitwa "moto", na kijana alipotuuliza, "Moto?" tulimjibu kwamba hapana, hali ya hewa ni nzuri tu. Alibaki akitushangaa. Hata hivyo hatukupata shida ya lugha. Kiswahili kimekuwa miongoni mwa lugha rasmi za Rwanda tangu mwaka 2017, na kwa miaka mingi kabla ya hapo watu wa huko walizoea kumwita Mwislamu "Mswahili", kwa kuwa dini na lugha viliingia pamoja na wafanyabiashara wa pwani. Huko Nyamirambo upo msikiti wa Al-Fatah, uliojengwa mwaka 1913, unaohesabiwa kuwa wa kwanza nchini humo. Tulimkuta mama mdogo anaendelea vizuri, alhamdulillah. Tulikaa naye siku nne.

Jua halina mpaka

Siku ya kurudi ndiyo tuliyoharibikiwa. Saa ya Rwanda iko nyuma ya saa ya Tanzania kwa saa nzima. Tulipoingia Kigali tuliirudisha nyuma saa yetu ya mkononi, kama inavyopasa. Simu hujirekebisha yenyewe. Saa ya mkononi hungoja mwenyewe akumbuke. Katika basi la kurudi, tulipokuwa tukishuka kwa haraka ili tuwahi foleni ya uhamiaji, simu yetu ilibaki kitini. Tulipoikumbuka, basi lilikuwa limekwisha kugeuza na kwenda zake.

Fedha zetu zote za Kitanzania zilikuwa ndani ya simu ile. Mfukoni tulikuwa na faranga chache za Rwanda. Tulipozibadilisha zikatosha chai na andazi. Tulijifariji kwamba saa yetu inaonyesha saa kumi na mbili kasoro robo, na teksi za kwenda Benako zipo mpaka saa kumi na mbili. Huko tungemsihi wakala wa basi. Tulipofika pa kupakilia tukapakuta patupu. Kumbe upande wa Tanzania ilikuwa saa moja kasoro robo. Jua ambalo halina mpaka lilikuwa linazama pande zote mbili kwa pamoja, na sisi peke yetu ndio tuliokuwa tukiamini vidole vya saa.

Likatokea gari dogo jeupe lenye vioo vyeusi. Ndani yake walikuwa wanaume wawili. Dereva alisema kwa upole kwamba wanakwenda Kahama usiku huohuo, na kwamba nauli tungelipa tukifika. Ndugu msomaji, tuliona ni rehema iliyoshuka. Tulikuwa tumekwisha kufungua mlango, mguu mmoja ndani, aliposogea kijana mbeba mizigo, akajifanya anaokota kitu karibu yetu, akanong'ona: "Shehe, gari hili nimeliona hapa tangu Alhamisi. Kahama gani hiyo isiyoondokewa?"

Tulirudisha mguu. Tuliomba radhi, tukasema tumesahau kitu. Gari lilingoja kidogo, likaondoka. Mpaka leo hatujui watu wale walikuwa nani. Pengine walikuwa wema waliochelewa kwa shughuli zao, na tumewadhania vibaya. Tunamwomba Allah atusamehe ikiwa ni hivyo. Lakini Mtume wetu (s.a.w.) amewatahadharisha wasafiri juu ya kwenda peke yao usiku, na tahadhari hiyo si ya kubishana nayo katika barabara ya msituni.

Daftari la muadhini

Mbeba mizigo alitupeleka kwenye msikiti mdogo usio mbali na hapo. Tuliswali, kisha tukamweleza muadhini yaliyotupata. Tulipokuwa tukieleza tulijisikia sauti yetu wenyewe: basi limeondoka, fedha zimekwenda nalo, naomba msaada nifike kwetu. Yalikuwa maneno ya kijana wa Nyakanazi, neno kwa neno. Tulianza kutokwa na jasho, na Ngara usiku ni baridi.

Muadhini alikuwa mtu mzima kwa umri wetu, mwenye macho ya kupima. Hakutupa mawaidha. Alisema, "Karibu, shehe. Nionyeshe pasi yako." Akaisoma ukurasa kwa ukurasa. Akauliza tunaswali msikiti gani Tabora, imamu wake ni nani, na baada ya Ijumaa hupita mtaa gani kurudi nyumbani. Kisha akatoa daftari la shule lenye jalada la bluu, akaandika jina letu, namba ya pasi, tunakotoka na tunakokwenda. "Usiudhike," alisema. "Mgeni hapa tunampokea, lakini tunamwandika. Waongo wengi hawapendi kuandikwa, huondoka wenyewe. Anayekubali kuandikwa, tunamlisha."

Tulilishwa ndizi zilizopikwa kwa maharage, tukapewa mkeka na blanketi. Baadaye alituonyesha daftari. Kila mstari ulikuwa na jina, na mwisho wake, kwa wino mwingine, neno moja: "amefika". Baadhi ya mistari haikuwa na neno hilo. Alisema sharti lake kwa mgeni ni hilo tu, apige simu akifika kwake. Wapo waliosahau, na wapo ambao haijulikani. "Hao," alisema, "nawaombea kwa majina."

Tulimuuliza alianza lini desturi ile. Alijibu kwamba mwaka 1994 alikuwa kijana, akawaona watu wakivuka daraja tangu alfajiri mpaka usiku bila kukatika. Mama yake alichemsha viazi vitamu vyote vilivyokuwamo nyumbani, vikaisha, akachemsha maji matupu, nayo yakapokewa. Watu wale waliuliza swali moja: umemwona fulani? Na hakuna aliyekuwa na jibu, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameandika.

Alitupa simu yake tuwajulishe watu wa nyumbani. Tuliishika, tukaitazama, tukamrudishia. Namba ya mama watoto hatukuijua. Ya mwanetu mkubwa hatukuijua. Tangu simu zianze kukumbuka kwa niaba yetu, hatujahifadhi hata namba moja moyoni zaidi ya ile yetu wenyewe. Tulilala tukijua kwamba Tabora kuna watu hawajalala.

Biharamulo

Asubuhi muadhini alituombea nafasi katika lori aina ya Fuso lililobeba ndizi kuelekea Mwanza kwa njia ya Biharamulo na Chato. Dereva hakuchukua hata senti. Alitaka tu tumsomee dua ya safari kwa sauti, na kila tulipopita kona kali alituomba tuirudie.

Biharamulo ni mji mtulivu wenye boma la kale la Wajerumani, lenye kuta nene, ambalo majeshi ya Wabelgiji yaliliteka mwaka 1916 katika Vita Kuu ya Kwanza. Siku nyingine tungekaa tukalitazama kwa saa nzima. Siku ile tulilitupia jicho, tukaulizia wakala wa laini za simu. Tulimpa kitambulisho cha taifa, tukaweka kidole kwenye mashine yake, akaturudishia laini yetu kwa makubaliano kwamba tutamlipa fedha zikionekana. Aliichomeka kwenye simu yake ndogo ya tochi. Kabla hatujaingiza namba ya siri ya kutolea fedha, simu ikalia.

Alikuwa mama watoto. Hakusema neno kwa muda, tukasikia pumzi tu. Kisha tukajua yaliyotokea. Alikuwa amepiga simu usiku kucha. Mara moja ilipokewa na mtu aliyezungumza Kinyarwanda. Yeye akauliza kwa Kiswahili, yule akajibu kwa lugha yake, wote wawili wakapandisha sauti, kisha simu ikazimika na haikupatikana tena. Mwanetu wa mwisho, mwenye miaka tisa, aliposikia hayo alitandika mswala wake karibu na mlango, akakataa kwenda kulala. Alipopewa simu alisema, "Baba, mimi nilijua. Dua ya msafiri hujibiwa, na wewe lazima ulikuwa unaomba."

Hatukuwa na la kumjibu. Usiku ule tuliona aibu zaidi kuliko tulivyoomba.

Deni

Mchana tulifika tena Nyakanazi, safari hii tukiwa na fedha. Tulikwenda moja kwa moja kwenye benchi la mama lishe yule, tukamuuliza habari za kijana. Alitukumbuka. "Yule uliyemhubiria?" alisema. Akatueleza kwamba alimpa sahani ya wali, akampa kazi ya kuchota maji na kuosha vyombo mpaka jioni. Wakati huo alimwomba utingo wa basi la Kibondo, anayefahamiana naye, awapigie ndugu wa kijana. Mama yake alipatikana na akathibitisha kila neno. Utingo akambeba, na nauli ikalipwa alipofika. Begi lake pia lilipatikana siku ya tatu.

Tulitoa fedha tukataka kulipa wali ule. Mama lishe alichukua bei ya sahani moja, akatoa chenji ya iliyobaki. "Huo wali nimekuuzia sasa, baba," alisema. "Lakini deni la yule kijana halikuwa la wali."

Wasomaji wetu, hilo ndilo tulilorudi nalo. Qur'ani Tukufu katika Suratut-Tawba, aya ya 60, imetaja makundi manane yanayostahiki zaka, na la mwisho ni msafiri aliyeharibikiwa. Wanazuoni wamebainisha kwamba hupewa cha kumfikisha hata kama kwao ni tajiri, kwa sababu mali iliyo mbali haimfai aliye njiani. Sisi tuliisoma aya hiyo mara nyingi, lakini tulipomwona mwenyewe amesimama mbele yetu hatukumtambua. Tulidhani kuna njia mbili tu: kumpa kila mwombaji na kutapeliwa, au kumnyima kila mwombaji na kusalimika. Muadhini wa Rusumo na mama lishe wa Nyakanazi, ambao hawajuani, wametuonyesha njia ya tatu. Uliza, hakikisha, piga simu kwa watu wake, mlishe kwanza, na ikiwezekana mkabidhi kwa mtu wa kumfikisha. Mwongo atachoka na maswali. Mkweli atayafurahia, maana kila swali humsogeza karibu na kwao.

Na kwa atakayesafiri, tunayo machache. Tafuta mwenzi, mkiwa watatu, mteueni mmoja awe kiongozi, kama Sunna ilivyofundisha. Andika namba za simu za watu wako kwenye karatasi, moja ikae mfukoni, nyingine ndani ya begi, na nakala ya pasi iwe nyumbani. Fedha usiziweke mahali pamoja. Ukivuka kwenda Rwanda au Burundi, rekebisha saa yako wakati wa kuingia na wakati wa kutoka, na barabarani anza kutazama kushoto. Panga kufika mpakani mapema, kabla jua halijaanza kushuka. Na watoto wafundishwe kuihifadhi moyoni namba ya baba na ya mama kama wanavyohifadhi Suratul-Fatiha. Nasi wakubwa tuwe wanafunzi pamoja nao.

Tulifika Tabora usiku wa pili. Watoto walikuwa wamelala, isipokuwa yule wa mlangoni. Baada ya kula na kuswali tulilala, na asubuhi mama watoto akauliza kama tumewajulisha waliotusaidia. Tuliruka kitandani. Karatasi yenye namba ya muadhini ilikuwa katika mfuko wa kanzu iliyopasuka, na kanzu ilikuwa tayari imetumbukizwa kwenye beseni la kufulia. Tuliiopoa, wino umeanza kutawanyika, tukasoma tarakimu moja moja juani.

Alipokea mara ya kwanza. Tulipotaja jina tu tukasikia karatasi zikifunuliwa. "Subiri, shehe," alisema, "nitafute kalamu."